Petali ya Saba

Wenzangu mnaobaki katika idara ya kompyuta mliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifundisha kabla ninyi hamjaja. Mmoja wenu alisema kurasa mbili zinatosha, mwingine akasema niandike kitabu. Nitaandika kiasi ambacho mkono utakubali. Vyeo nilivyopewa na nilivyonyimwa sitavitaja. Viko kwenye faili yangu, na faili yangu iko pale ilipokaa siku zote, chini ya faili ya mtu mwingine.

Niliingia chuo chetu cha ufundi hapo Kenyenya nikiwa mwalimu wa taipu. Chumba ambacho leo ni maabara ya kompyuta kilikuwa na taipureta ishirini na mbili, na kelele zake zilisikika hadi sokoni. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kirefu, nikateleza kwenye matope ya langoni, nikaingia darasani goti likivuja damu. Wanafunzi walisimama wakanisalimu kwa pamoja na hakuna aliyecheka. Nilielewa papo hapo kwamba wananiogopa, na kwa miaka mingi nilidhani hilo ni jambo zuri. Kitambaa juu ya vidole wasitazame herufi, macho kwenye kitabu, mgongo wima. Nilikuwa hodari wa taipu. Nalisema bila aibu kwa kuwa siku hizi hakuna anayeweza kushindana nami.

Kisha siku moja mkuu wa chuo aliniita ofisini.

"Madam Kemunto," akasema, "taipu imekwisha."

"Imekwisha lini?"

"Tangu mwaka jana. Hatukutaka kukushtua."

Akanipa njia mbili. Nijifunze kuandika programu niwafundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza, au nihamie stoo ya vifaa vya ofisi. Nilikuwa nakaribia miaka hamsini na stoo ilikuwa na kiti kizuri sana. Nilikifikiria kile kiti wiki nzima. Nilichokosa ni uvumilivu wa kuhesabu karatasi, basi nikachagua programu.

Aliyenifundisha si chuo wala kozi. Alikuwa Mama Hansa, mwenye duka la vitabu na vifaa vya shule katika mji wa Kisii. Familia yake ni ya asili ya Kihindi na duka lilikuwa la baba yake. Miaka yote ndiye aliyeniuzia utepe wa taipureta, na yeye mwenyewe alikuwa amefundisha hesabu kabla baba yake hajazeeka na kumwachia kaunta. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi na kisicho na mapambo, lakini Ekegusii, lugha yetu ya huku, alikizungumza vizuri kuliko baadhi ya watoto wangu. Nilipomweleza shida yangu hakunipa pole. Aliniambia nije Jumamosi saa nane, wakati wateja wanapungua.

Jumamosi hiyo nilikwenda na daftari jipya nikitarajia kuketishwa mbele ya kompyuta. Yeye alichukua chaki akasimama nyuma ya kaunta, sakafuni kusiko na zulia.

"Mimi sasa ni mashine," akasema. "Sina akili, sina huruma. Niamrishe nichore boksi."

"Chora boksi," nikasema.

"Sijui boksi."

"Basi nenda mbele."

"Kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Sijui kidogo."

"Hatua tatu."

Akainama, akapiga hatua tatu akiburura chaki sakafuni. Nikamwambia apinde kona. Akaniuliza kiasi gani, nikasema digrii tisini, naye akapinda kushoto, akatembea hatua tatu moja kwa moja hadi kwenye katoni za madaftari, akazigonga kwa goti na kusimama hapo akizitazama.

"Mama Hansa, si huko!"

"Hukusema kulia, Mwalimu."

Tulirudia. Mbele hatua tatu, pinda kulia digrii tisini. Mbele hatua tatu, pinda kulia digrii tisini. Boksi likapatikana. Akaniambia sasa anataka umbo lenye pande thelathini na sita, nianze kutamka. Nilitamka pande tano, koo likakauka. Alikuwa amesimama ananingoja, chaki mkononi, bila hata kupepesa macho.

"Rudia," nikasema. "Rudia hayo mambo mawili mara thelathini na sita."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza mchana ule. "Hiyo ndiyo lupu. Chukua soda."

Jumamosi iliyofuata nilimwamuru tena achore boksi, na tena akasema hajui boksi. Nikakasirika. Nikamwambia nilimfundisha wiki iliyopita. "Ulinituma kazi," akasema. "Hukunipa jina la kazi. Ungesema: kwenda mbele na kupinda mara nne, hiyo tuiite boksi. Leo ungesema boksi tu, mimi ningekimbia." Huko ndiko kuandika fankisheni, na mpaka nastaafu sijapata maelezo bora. Kitabu tulicholetewa chuoni kiliita lupu "kitanzi", na kila nilipolitamka neno hilo nusu ya darasa waliwaza mbuzi aliyefungwa. Kwa hiyo mimi nilifundisha kwa maneno mawili tu, *rudia* na *jina*, na mtihani wa taifa sikuwahi kusikia umelalamika.

Nilianza kufundisha kwa ile programu ya kobe mnayoijua. Kobe mdogo katikati ya skrini, unamwambia mbele na kulia, naye anaacha mstari nyuma yake. Tulikuwa na mashine tisa kwa wanafunzi ishirini na saba, kila mmoja na zamu yake ya dakika ishirini. Wengine wote walikaa wakiandika programu zao kwa penseli, wakiisubiri zamu. Ushauri wangu ni kwamba hata mkipata mashine kwa kila mwanafunzi, msiziondoe hizo penseli.

Kazi ngumu kuliko zote kwa mwanafunzi mpya ni pembetatu. Boksi wanalipata siku ya kwanza. Pembetatu, kila mmoja anaandika digrii sitini kwa kuwa shuleni aliambiwa pembe yake ni sitini, na kobe anakwenda zake kuchora nusu ya kitu kingine. Msiwaeleze ubaoni. Wapelekeni uwanjani, mmoja atembee pembetatu kwa miguu yake, na afikapo kona mwulizeni mwili wake umegeuka kiasi gani. Atajiona amegeuka kupita kiasi, karibu kurudi alikotoka. Mia moja na ishirini. Nimeona vijana wakipiga kelele za furaha kwa kugeuka tu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Kulikuwa na darasa lenye mwanafunzi aitwaye Kevin, kijana wa mjini Kisii, mwepesi wa kuelewa na mwepesi wa maneno. Nikieleza kitu mara moja anamaliza sentensi yangu. Na kulikuwa na Moraa, msichana kutoka Gesima, mkimya, anayeketi nyuma karibu na dirisha. Nilimjua kwa mwandiko wake kuliko kwa sauti yake. Muhula ule alikosa wiki mbili. Niliandika "hayupo" kwenye rejista siku kumi mfululizo, kwa mwandiko mzuri, wala sikumwuliza mtu yeyote yuko wapi. Aliporudi aliketi mahali pake nami nikaendelea na somo.

Muhula ulipopita nusu, kila mwanafunzi alipaswa kuleta mchoro wake mwenyewe, pamoja na programu iliyouchora. Bila alama za kazi hiyo mtu hakwenda atachimenti, ile miezi ya kujifunza kazini, na bila atachimenti hakufanya mtihani. Nilikuwa nasahihisha ofisini nilipokutana na ua la petali kumi na mbili. Lilikuwa la Kevin. Programu yake ilikuwa na mistari kumi na mitatu. Aliipa petali jina, akairudia mara kumi na mbili, na mahali fulani akaweka sharti kwamba ikifika ya saba ichorwe kwa ukubwa wa sabini badala ya themanini. Nikaona ni mbwembwe za kijana hodari. Niliandika "Safi sana" pembeni.

Karatasi nne chini yake nikakutana na ua lile lile. Lilikuwa la Moraa. Nikazishika karatasi mbili pamoja dhidi ya kioo cha dirisha na mistari ikalaliana, pamoja na ile petali moja fupi. Programu ya Moraa ilikuwa na mistari mia moja na minane. Hakuna rudia, hakuna jina. Mbele themanini, kulia thelathini, mbele themanini, kulia mia moja na hamsini, hivyo hivyo mpaka mwisho wa karatasi na karatasi ya pili.

Nilimaliza kesi kichwani kabla sijaiteremsha mikono. Huyu hajui lupu, nikasema moyoni. Ameona ua kwenye skrini ya mwenzake, akaligeza mstari kwa mstari kama mtu anayenakili picha asiyoielewa. Nikawapeleka wote wawili mbele ya mkuu wa idara, Bwana Ombati, na hapo nikaeleza ninavyoona, kwa ufasaha, nikimsifu Kevin. Kevin aliulizwa kama alinakili akasema hapana. Moraa aliulizwa.

"Nilichora mimi," akasema.

"Kwa nini hukutumia rudia?" nikamwuliza.

Alinitazama kidogo. "Hiyo sikufundishwa, Madam."

Nilichukulia kwamba ni ujeuri. Alipewa sifuri na kusimamishwa wiki mbili, kisha arudi na mzazi. Wiki mbili zikapita. Ya tatu ikaanza. Kiti cha karibu na dirisha kilibaki kitupu na nitasema ukweli, sikusumbuka sana. Niliandika "hayupo".

Mnajua mvua zetu za alasiri. Zikianza kwenye yale mabati hakuna somo, hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe. Alasiri moja ya namna hiyo wanafunzi walikaa wakiangalia madirisha nami nikaanza kupanga madawati ya nyuma. Katika droo ya Moraa kulikuwa na daftari. Nililifungua ili kuona ni la nani.

Ndani yake kulikuwa na ua. Programu nzima kwa penseli, imeanzia baada ya noti za somo la boksi, na tarehe juu yake ni ya wiki nzima kabla sijatangaza kazi yenyewe. Pembeni alikuwa amehesabu petali: moja, mbili, tatu. Kwenye ya kwanza mpaka ya sita, mbele themanini. Kwenye ya saba, sabini, sabini, sabini, sabini. Kwenye ya nane alirudi themanini, na hakuwa ameona kosa lake.

Niliketi kwenye dawati la mwanafunzi. Mimi ndiye niliyewafundisha watu kwa miaka kwamba ukimpa kobe kazi ya kurudia na ukakosea, anakosea mara zote kumi na mbili. Hawezi kukosea mara moja tu. Mkono wa mtu ndio unaokosea mara moja, ukichoka au ukiwaza kitu kingine. Petali fupi ilikuwa imetoka kwenye mkono. Na yule aliyeandika programu fupi yenye rudia, alipoweka sharti maalumu la petali ya saba, alikuwa anaiga kosa la mtu mwingine kwa kuwa alidhani ni urembo. Nilikuwa nimeuona ushahidi wote siku ile dirishani, nikaupa maksi.

Nilimwita Kevin pembeni mvua ikiendelea.

"Kwa nini petali ya saba?" nikamwuliza.

"Basi tu, Madam. Niliona ni poa."

"Kwa nini si ya tano?"

Akaangalia viatu vyake. Hakunilazimisha kuuliza mara ya tatu. "Ilikuwa kwa skrini yake," akasema. "Nilipiga picha na simu. Nilitaka tu kuona kama naweza kuifanya na mistari kidogo. Halafu nikakosa kitu ingine ya kuleta."

"Na tulipokuwa kwa Bwana Ombati?"

"Nilingoja umwulize yeye vizuri, Madam. Halafu ukanisifu mimi. Nikanyamaza."

Nilitaka kumkasirikia ikanishinda. Kila alichosema kilikuwa na mimi ndani yake.

Jumamosi ile nilikwenda Gesima. Nilipitia Kisii na Keroka, na kutoka barabarani nikatembea nikiuliza njia, mvua ikininyeshea, hadi kwenye boma lililozungukwa na majani ya chai. Moraa alikuwa shambani, kikapu mgongoni, ameweka ule ufito wao juu ya mche ili achume kwa usawa. Aliponiona aliita, "Baba!" akatoka mwanamke nyumbani akifuta mikono. Msio wa huku mjue kwamba kwa Ekegusii baba ndiye mama. Alitembea polepole, mkono mmoja umeshika tumbo.

Nilimsalimu, akaitikia, lakini hakunikaribisha ndani.

"Umekuja kuchukua nini tena?" akaniuliza kwa Ekegusii.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani na yote yalipotea. Nikamwambia, "Nimekuja kusema kwamba mtoto wako hakuiba. Mimi ndiye niliyekosea."

Alimwita Moraa aje karibu. "Rudia hayo maneno," akaniambia, "yeye asikie."

Nikarudia. Moraa aliteremsha kikapu. Mvua ilikuwa imepungua na tulisimama watatu uani, kuku wakipita katikati yetu.

"Na zile wiki mbili za kwanza," nikamwuliza, "ulikuwa wapi?"

"Hospitali," akasema. "Mama alipasuliwa. Hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa naye."

Wiki hizo mbili ndizo nilizofundisha rudia. Wiki ya kwanza lupu, ya pili jina. Aliporudi nilikuwa nimemaliza, naye akachora ua zima kwa vitu vichache nilivyokuwa nimempa kabla hajaondoka. Fikirieni hilo. Aliijua pembe ya kila kona. Alijua kobe lazima arudi katikati kabla ya kuanza petali nyingine. Hakuna aliyemwonyesha.

"Kwa nini sabini kwenye ya saba?" nikamwuliza.

Alifikiri, kisha akacheka kidogo, na uso wake wote ukabadilika. "Nilikuwa nahesabu kwa mdomo. Saba, saba, saba. Vidole vikaandika sabini."

Nikamwambia kwamba nitazungumza na Bwana Ombati, alama zake zitarudishwa, arudi Jumatatu. Nilidhani atafurahi.

"Sitaki kurudishiwa, Madam."

"Unataka nini?"

"Nataka hiyo ambayo Kevin anajua. Nikirudi hivi hivi, mwezi ujao utanishika tena."

Mama yake alinitazama kuona nitasema nini. Niliangalia huku na huku nikauchukua ule ufito wa chai, nikachora petali moja kwenye udongo uliolowa. Nikamwuliza maneno ya petali hiyo ni mangapi, akasema manane, na la tisa la kugeukia petali inayofuata. Nikamwuliza aliyaandika mara ngapi.

"Kumi na mbili."

"Ungekuwa na mtu mwaminifu lakini mjinga kabisa, ungemwambia nini ili usiyatamke mara kumi na mbili?"

Mama yake ndiye aliyesema, kwa Ekegusii, kwamba angemwambia afanye hivyo hivyo mpaka afike safu ya kumi na mbili. Moraa akamgeukia. "Baba, ndiyo hiyo!" Tukacheka sote watatu, na hapo nikaletewa kiti.

Tulikaa mpaka chai ikanywewa mara mbili. Tulipofika kwenye jina, nilimwambia unaweza kuipa petali jina na kuacha nafasi ya ukubwa, ukubwa utautaja wakati wa kuiita. Akautazama ule mchoro wa udongo.

"Kwa hivyo ile fupi," akasema, "ningeweza kuiweka kwa kupenda."

"Yoyote. Popote."

"Basi haingekuwa makosa."

Nimefundisha somo hilo mara nyingi kabla na baada yake, na sijasikia mwanafunzi mwingine akilieleza hivyo.

Jumatatu nilimweleza Bwana Ombati. Yeye alikuwa fundi wa kulehemu kabla ya kuwa mkuu wa idara na hakupenda maneno mengi. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Madam, ulieleza vizuri sana ile siku ya kwanza." Kisha akakubali Moraa afanye kazi upya mbele yake. Nami nikamwomba ruhusa ya kusema darasani, kwa kuwa darasani ndiko watu walikomtazama Moraa akibeba vitabu vyake kwenda nyumbani.

Nilisimama mbele ya wale wanafunzi ishirini na saba nikasema nilimhukumu Moraa kwa makosa, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu niliamini aliyeandika machache lazima ndiye anayejua mengi. Nilipomaliza, Kevin akasimama bila kuitwa, akasema ua lilikuwa la Moraa, akaketi. Hakuna aliyempigia makofi, wala hakuna aliyemzomea.

Moraa alifanya kazi yake Jumatano, Bwana Ombati ameketi nyuma yake mikono kifuani. Aliandika mistari kumi na mmoja. Ua likatoka, petali zote sawa. Bwana Ombati akasogeza kiti.

"Sasa nichoree moja ndefu, ipite zote."

Moraa akabadilisha mahali pamoja, petali moja ikachomoza. Bwana Ombati akaomba nyingine, na nyingine, akamshughulisha robo saa nzima. Mwisho akasema, "Hii ningeweza kuilehemu," akatia sahihi.

Kevin naye alisimamishwa wiki mbili, akarudi na mzazi. Nilimwombea asizuiwe mtihani, alete mchoro mwingine. Alileta nyumba. Paa halikukutana na ukuta, mlango ulielea hewani. Ilikuwa nyumba mbaya sana, nami niliisahihisha kwa furaha kwa kuwa ilikuwa yake kuanzia msingi. Siku hizi anafanya kazi Nairobi na hunipigia simu sikukuu ya Krismasi. Moraa yuko Kisii mjini, katika karakana inayodarizi nembo za sweta za shule kwa mashine za kompyuta. Yeye ndiye anayeandika michoro. Kila Januari usimtafute, hana hata muda wa kula.

Baada ya hapo nilibadilisha usahihishaji wangu na nawaombeni msiurudishe ulivyokuwa. Ombeni daftari pamoja na programu, na kama daftari ni safi kupita kiasi, ulizeni. Mwambieni mwanafunzi asimulie kobe anatazama wapi kwenye mstari wa tano. Aliyeandika mwenyewe anajua, hata kama ameandika kwa shida. Aliyenakili anaangalia dari. Na mtu akikosa siku tatu, fungeni rejista mkamtafute.

Nimejenga Ikonge, kwa hiyo sasa soko langu ni la huko. Wiki iliyopita nilikuwa nanunua mboga nikasikia sauti nikaitambua kabla ya kuona uso. Mama Moraa alikuwa ameketi na mafungu yake ya chinsaga, ile mboga ya mgagani, mzima, mnene kidogo, anapiga gumzo na mwanamke wa pembeni yake. Aliponiona alinishika mkono akamgeukia jirani yake.

"Huyu," akamwambia, "ndiye mwalimu aliyemkosea mtoto wangu."

Yule jirani aliacha kufunga mboga akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Nilihisi uso ukipata moto, nami ni bibi wa miaka sitini.

"Halafu akaja nyumbani mwenyewe kusema," mama Moraa akaendelea, bado ameushika mkono wangu. "Kwa miguu, na mvua."

"Alikuja?" jirani akauliza.

"Alikuja."

Siku ya kuniaga chuoni hotuba zilikuwa nne, na zote zilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Nimezisahau. Hii ya sokoni nilikwenda nayo hadi nyumbani.